Fidla ya Mwisho ya Mjerumani

Sijui kama inanipasa kuyaandika haya. Muziki siujui, shule niliiacha mapema, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa gari hapa Oman: Nizwa, Ibra, mpaka Sur.

Yule mzee wa Kijerumani nilikuwa naye siku nne, miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa mtunzi wa muziki wa kisasa na kiongozi wa okestra, yule anayesimama mbele ya wapigaji akawaongoza kwa mikono. Njiani alinihadithia maisha yake. Kila alichotunga kilipigwa mara moja, watu wakapiga makofi ya adabu, kisha karatasi zikarudi kabatini. Katika ukumbi mmoja nusu ya watu waliondoka, naye akaendelea kuongoza huku akisikia viti vikijikunja nyuma yake. Alicheka. Mimi sikujua kama inafaa kucheka.

Sasa masikio yake yalikuwa yamechoka. Tulipotoka bonde la Wadi Bani Khalid alitia kwenye redio ya gari kazi yake ya mwisho, waliyomrekodia karibuni.

"Mwishoni kuna fidla moja, ya chini sana," akasema. "Mimi siipati tena. Niambie wewe, ipo? Kama haipo nitawarudisha wapigaji studio, maadamu bado naweza kusimama."

Nikasikiliza. Nilisikia kiyoyozi na matairi. Kukizima hakukunijia akilini. Naye alikuwa akinitazama mdomo.

Siye tumelelewa kwamba mgeni havunjwi moyo. Nikamwambia, "Ipo. Nzuri sana."

Akafumba macho. "Khalas," akasema, neno alilolipata kwangu. "Basi nimemaliza."

Studio hakurudi. Juzi binti yake kaniandikia kwamba baba yake amefariki, na kwamba hata kitandani alikuwa akimtaja dereva wa Oman aliyeisikia fidla. Kanitumia na ile rekodi.

Nimeisikiliza mara nyingi. Siipati. Lakini na mimi sasa ni mzee, huenda ipo, masikio yangu ndiyo hayafai. Leo nikampa mke wangu simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniangalia.

"Bwana, unataka nikwambie ilivyo, au nikwambie ipo?"

"Ilivyo."

"Haipo."

Ila wale wapigaji nisiwasingizie, feni ilikuwa ikizunguka. Nimeizima, nimemwomba asikilize tena. Kasema nimngoje kwanza aepue wali. Nimekaa namngoja.