Daftari la Kiingereza Lililopelekwa Barazani

Admin, nifichie jina langu na la shule.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu aliniambia kwamba vipindi vyangu vya maigizo na muziki vimesimamishwa, na havitarudi mpaka nitie sahihi barua aliyoichapa mwenyewe. Barua inasema ramani iliyo kwenye daftari la mwanafunzi wangu ni ya kubuni, na kwamba mimi sikuihakiki. Yote mawili si kweli.

Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Ndera. Nafundisha Kiingereza gredi ya nane katika shule moja upande wa Garsen, ambako mjomba wangu, kaka yake mama, analima kando ya mto. Nusu ya darasa langu ni watoto wa wakulima, nusu ni wa wafugaji. Makabila siyataji, wenyeji mnajua. Wanakaa pande mbili za darasa, na hakuna aliyewapanga hivyo.

Muhula huu niliomba niunganishe masomo matatu, nikaandika azimio la kazi la wiki sita. Kwenye Kiingereza, kila mwanafunzi angechora njia ya kutoka kwao hadi shule na kuieleza. Kwenye muziki, wangetunga wimbo wa kutembea kwa mdundo wa hatua zao. Kwenye maigizo, mtoto wa mkulima angekuwa mfugaji na wa mfugaji angekuwa mkulima.

Msichana mmoja, nitamwita Amina, ni binti wa mfugaji. Alichora njia inayofuata malka. Kwa msiotoka huku, malka ni njia iliyoachwa katikati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa. Wazee wa pande zote waliipanga zamani. Haina hati wala jiwe la mpaka, inakumbukwa tu. Amina aliandika kwa Kiingereza kizuri: ukifika kwenye pampu ya maji, pita kushoto mwa ndizi zilizopandwa juu ya malka.

Mimi sisahihishi nisichokiona. Nililitoa darasa zima tukaitembea njia ile, Amina mbele, wenzake wakihesabu hatua za wimbo. Tuliporudi nikatia tiki, nikaandika kwa wino mwekundu kwamba ni sahihi kabisa, nikaweka saini yangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupata alama zote.

Maigizo yalipoanza, Amina alishika ufagio kama panga, akamfokea kijana wa mkulima aliyekuwa mfugaji: "Toa ng'ombe zako kwa ndizi zangu!"

Kijana akajibu bila kuandikiwa: "Mama, mbona hizi ndizi ndizo zimekuja kwa ng'ombe?"

Darasa lilicheka mpaka dawati likaanguka. Siku ile walikaa wamechanganyika, nami nikaamini mpango wangu umefaulu.

Wiki iliyofuata chifu aliitisha baraza juu ya malka ileile. Wakulima walisema hapo hapajawahi kupita ng'ombe. Baba yake Amina akasimama, akatoa daftari la bintiye. "Mwalimu huyu ni mtoto wenu, si wetu. Ametia tiki, na saini ameweka."

Jioni mjomba alifika kwangu. Hakukaa.

"Mwana wa dadangu, tangu lini umekuwa mpima ardhi?"

"Mjomba, nilisahihisha Kiingereza."

"Basi hicho Kiingereza chako kimekula shamba langu."

Ndizi zile ni zake. Na hapa ndipo ninapokiri: nilijua ni zake nilipotia tiki. Sikuificha kweli, lakini pia sikufikiri. Nilidhani daftari la mtoto halitoki nje ya geti la shule. Mahali ambapo njia haina hati, karatasi yoyote yenye saini hugeuka hati. Nimezaliwa kwenye mto huu, nilipaswa kujua.

Jumatatu, aliponipa barua, nilimwambia mwalimu mkuu kwamba ni uongo. "Mwalimu, tia sahihi tufanye kazi," akasema. "Ni karatasi tu."

"Hata ya Amina ilikuwa karatasi tu."

"Usinifanyie maigizo ofisini."

Nikitia sahihi, vipindi vinarudi na mjomba anatulia. Lakini Amina anakuwa mwongo mbele ya lokesheni nzima, na anayemwita mwongo ni mimi niliyempa alama zote. Tangu baraza hajakanyaga shuleni. Nisipotia, watoto arobaini na mmoja wanarudi pande zao mbili za darasa. Mama naye amekwishanipigia simu: "Mwanangu, usinitenganishe na kaka yangu."

Kinachonikera zaidi ni hiki. Nilipokuwa mdogo nilikuja likizo kwa mjomba. Ng'ombe wakipita kuelekea mtoni, alikuwa akinishika mkono na kunivuta: "Simama pembeni, mama, hawa wana kiu." Tulikuwa tukisimama palepale penye ndizi leo. Nilimkumbusha jioni ile. Aliivaa kofia yake, akasema, "Wakati ule nilikuwa na watoto wawili." Sasa ana tisa. Akaondoka.

Baraza linarudi Alhamisi, saa nne asubuhi. Chifu ametaka nifike mwenyewe, ama na barua ama bila barua. Nimeiweka ndani ya azimio la kazi, kwenye wiki ya sita, ambayo ilikuwa ya kuwaonyesha wazazi igizo letu. Bado haina sahihi yangu. Wenzangu, hasa walimu na watu wa mtoni, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni kabla ya Alhamisi.