Nywila ya Mkalimani

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya wakimbizi, hapa Kigoma mjini, hana pupa. Sheria mpya ya nywila huijaribu kwanza kwenye mashine yake, kisha kwa Yusra wa mapokezi, ndipo aipeleke kambini. Makarani wa huko wakifungiwa nje ya mfumo, foleni ya unga italala njaa. Kabla ya kubonyeza hupuliza vidole, kana kwamba kitufe kina moto. Leo wote wamebadilisha nywila, isipokuwa mkalimani aliyerejea kwao Burundi.

"Akaunti ya dada yule si tuifunge tu, kaka?" Yusra aliuliza.

Fundi, ambaye kila jioni hutikisa kufuli kuhakikisha limeshika, alilifuta vumbi jina lile kwenye skrini, polepole, kwa kiganja.

"Akirudi," alisema, "ataingilia wapi?"