Nyumba Juu ya Canter

Tangu Nasrudin aache kuendesha malori ya masafa marefu, nyumba yao ya Bondeni ilimbana kama kiatu cha mtu mwingine. Alikuwa haketi. Akimaliza chai anasimama, akifika langoni anarudi, akirudi anauliza kama kuna kitu cha kununua sokoni. Vitunguu vilijaa jikoni mpaka Sumeya, mkewe, akampiga marufuku kuleta vingine.

Mwishowe akanunua Canter kuukuu iliyokuwa ikibeba viazi kutoka Molo, akaijengea boksi la mabati na mbao, akasema hiyo itakuwa nyumba ya kusafiria.

"Mama Malak," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao, "safari hii tunaenda wote. Baringo, Turkana, popote. Hutasema tena nimekuacha."

Hapo ndipo penye kidonda. Miaka yote ya malori Sumeya alikuwa akimpigia simu na kuuliza, "Umefika wapi?" Naye alikuwa na jibu moja tu, awe Salgaa hapo jirani au awe bado amekwama mpakani Malaba: "Niko karibu." Wali ukapoa. Idi zikapita. Malak alizaliwa baba yake akiwa karibu.

Kwa hiyo Sumeya hakusema ndiyo wala la. "Maliza kwanza, nitaingia nione," alisema. "Nikiona ni nyumba, nitaenda na wewe. Nikiona ni gari, uza." Nasrudin alijua hatanii.

Basi akaivamia kazi kwa pupa. Paneli ya sola ikapanda juu ya paa. Nyaya akazipitisha ndani ya paipu ya plastiki zisichunike kwa mtikisiko wa barabara, kila moja na fyuzi yake karibu na betri. Tangi la maji akalifunga ndani, juu ya ekseli ya nyuma, maana dereva yeyote anajua mzigo mzito unakaa wapi. Akalijaza maji ya mvua, kwa kuwa ya kisima huku yanatia meno rangi ya chai, kisha akaunganisha pampu ndogo inayojiwasha mfereji ukifunguliwa.

Pampu hiyo nusura imtie wazimu. Mfereji umefungwa, nayo inanguruma kidogo, inanyamaza, inanguruma tena. Maana yake maji yanavuja mahali. Alishinda chali chini ya sinki akipangusa kila kiungo kwa tishu, hadi akakipata kimoja kilichoilowesha.

"Hiyo kitu inafanana na wewe," Sumeya alisema akipita na nguo za kuanika. "Haiwezi kutulia hata kama haina kazi."

Siku ya ukaguzi aliingia polepole, ameshika buibui lake lisiguse vumbi. Aliwasha taa, akazima. Alifungua mfereji wa sinki, maji yakaja. Nje, kando ya ngazi, alikuta mfereji mwingine uliowekwa chini kabisa, mtu aweze kutawadha akiwa ameketi. Magoti ya Sumeya siku hizi yana maneno mengi. Aliushika mfereji ule, akatabasamu, na Nasrudin akahisi ameshaingia barabarani.

Kisha Sumeya akarudi ndani, akatazama huku na huku. Kulikuwa na ndoano moja, na kikombe kimoja. Kiti kimoja. Kitanda kilikuwa chembamba sawasawa na kile cha kebini ya lori.

"Baba Malak, hii kitanda ni ya nani?"

Nasrudin akakitazama kitanda kana kwamba anakiona mara ya kwanza.

"Na mimi nitalala wapi?"

Mahali pekee palipobaki palikuwa na tangi. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Mikono yake ilikuwa imepima kwa mazoea, na mazoea yake yalikuwa ya mtu mmoja.

"Wallahi, nilikuwa nafikiria wewe tu," alisema.

"Najua." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe zaidi. "Hata mimi, hiyo kitanda yetu nilizoea kulala katikati."

"Niuze?"

Sumeya akachungulia mlangoni, akautazama tena ule mfereji wa chini. "Toa tangi hapo kwanza."

Nasrudin akalitoa. Akalifunga chini, katikati ya vyuma vya chasisi, akabadilisha paipu zote, akatengeneza kitanda cha watu wawili na kupigilia ndoano ya pili. Siku ya kuondoka, betri ilikuwa imejaa na tangi pia. Yeye ameshika usukani, ufunguo mkononi. Sumeya alikuwa bado ndani ya nyumba ya Bondeni, anakunja nguo, anaaga jirani, anakumbuka mahamri jikoni. Nasrudin akashuka, akakagua pampu, akapanda, akashuka tena. Maishani mwake hakuwahi kukaa kwenye gari lililo tayari akimngoja mtu, na hakujua kwamba kunauma hivi.

Akatoa simu, ingawa mlango ulikuwa hatua chache tu.

"Mama Malak, umefika wapi?"

Aliisikia sauti ya mkewe simuni na dirishani kwa pamoja, haina haraka hata chembe.

"Niko karibu."