Jaketi Mbili za Mwalimu wa Boti

Mwalimu wa boti alimwita mfagizi wa gatini mwizi, mbele ya mkwe wa mfagizi huyo, mume wa bintiye, aliyekuja kupanda boti na wazazi wake. Mwalimu yule halipwi. Kila Jumapili huja kwa hiari kuwafundisha watu wa matembezi wasizame. Humvuta kila abiria mikanda ya jaketi ya kuelea mara mbili, hupenyeza vidole viwili kifuani, kisha humwambia kwa sauti laini, "Sasa hata ukianguka, mpenzi, utaelea kama kizibo." Siku ile sauti ilikauka. "Mama, jaketi mbili hazipo, na funguo za stoo unashika wewe." Mfagizi alikosa pa kuweka uso.

Jumatano mwalimu alifungua buti ya gari lake, na jaketi zikawa mle. Alikuwa amezipeleka mwenyewe shuleni kuwaonyesha watoto, akasahau. Alizirudisha gatini, akazitundika polepole, akinyoosha mikanda iliyokwisha kunyooka. "Mambo ni mengi, dada yangu," alisema bila kugeuka. Mfagizi akaendelea kufagia, akiona aibu kana kwamba aliiba kweli. Tangu Jumapili ile mkwe hajakanyaga kwa mfagizi. Mwalimu anadaiwa safari moja, hadi sebuleni kwa wakwe wale, akaseme kwa kinywa chake jaketi zilikuwa wapi.