Msamaha Nilioutoa Bure Chuoni

Kuna watu wa Uru ambao mpaka leo nikipita wananiuliza, "Bibi Yuditha, leo umesamehe nani?" nami nacheka nao, nifanyeje, maana aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya kipaza sauti, nimevaa kitenge changu cha Pasaka.

Mwaka jana wanafunzi wa chuo kimoja cha Moshi mjini walikuja kwetu wakasema wao na sisi ni washirika (neno zuri, tulilipigia makofi), tutaukarabati pamoja mfongo wetu, yaani ule mfereji unaoleta maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba. Tukachimba nao, tukawapikia ndizi, halafu mitihani ikafika wakaondoka, mfereji umefumuliwa nusu, masika yakaja yakasomba udongo wote mpaka kwenye migomba ya Felista, jirani yangu. Hakuna aliyerudi hata kusema pole. Tangu hapo tukawa tunateka maji kule korongoni, sisi wazee na magoti haya.

Basi mwalimu wao, Joakimu, akapiga simu kwamba chuo kina siku ya kukaribisha wanavijiji, wangependa mmoja wetu azungumze. Wanawake wa mfongo wakanichagua mimi (Redempta alitaka sana kwenda, ila kikohozi kilimkataza). Felista akanishika mkono akaniambia, "Yuditha, maji tunayataka, lakini wasikanyage tena huku mpaka waombe radhi. Usije ukalainika kwa soda."

"Mimi? Nilainike?"

Nikafika ukumbini, watu wamejaa. Binti mmoja, Neema, mtoto wa Mwanza, akapiga goti, "Shikamoo bibi," akaninyooshea shada la maua kwa mikono miwili. Kutazama hivi, katikati ya maua kuna jani la isale, tena limefungwa fundo! Sasa kwetu Wachagga mtu akikuletea isale lenye fundo amekuja kuomba msamaha, ukilipokea umesamehe, hata kama alikuchomea nyumba, na neno hilo halirudishwi. Nikasema moyoni, loo, kumbe hawa watoto wamefundwa! Ningemwuliza swali moja tu, "Mwanangu, hili jani ni la nini?" Sikuuliza. Nililipokea, nikaenda kwenye kipaza sauti, machozi yananilengalenga.

"Wanangu, isale lenu nimeliona, nimelipokea kwa niaba ya Uru yote (Uru yote! nani kanituma?). Mfongo mliotubomolea, tumewasamehe. Migomba ya Felista, tumewasamehe. Na yule Bahati wa Songea aliyekunywa mbege ya ubatizo wa mjukuu wa Redempta akalala kwenye zizi la ng'ombe, naye tumemsamehe."

Wakubwa wa meza kuu wakatazamana (kumbe wao walikuwa wameambiwa mfongo ulishakwisha na maji yanatiririka). Joakimu, ambaye ni Mchagga na isale analijua vizuri, akainamisha kichwa. Neema akanisogelea akanong'ona, na kile kipaza sauti kikampokea mpaka nje: "Bibi, samahani, hilo jani ni pambo tu. Muuza maua aliliweka lipendeze."

Pambo! Nikaenda kuketi kwenye kiti kisicho changu, nikanywa soda ya mgeni rasmi.

Nilipofika nyumbani Felista alikuwa ananingoja njiani. "Enhe, wameombaje radhi?"

"Hawakuomba."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimesamehe."

"Kwa kupewa nini?"

"Shada."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Basi kateke maji kwenye hilo shada." Akafunga mlango, na alikuwa na haki, maana nilikwenda kutafuta radhi na maji nikarudi sina hata kimoja, na msamaha wenyewe nimeshaumaliza.

Jumamosi asubuhi mbwa wakabweka. Natoka nje, naona vijana wanapanda kilima, majembe mabegani, Joakimu yumo, Neema mbele, na kila mmoja ameshika isale lenye fundo. Wakanipita, wakaenda moja kwa moja kwa Felista. Neema akapiga goti.

"Shikamoo mama. Bibi alitusamehe kabla hatujaomba. Leo tumekuja kuomba."

Felista hakuyagusa. "Mmeyatoa wapi yote haya?"

"Hapo chini, mama, kwenye shamba moja. Yamepandwa mstari mzuri sana."

Joakimu akashika kichwa (wao walitangulia wakayang'oa, yeye aliwakuta njiani). Mstari ule ni mpaka wa kihamba cha Mzee Aloisi na mdogo wake, na kwetu isale la mpakani haling'olewi. Na Mzee Aloisi mwenyewe huyo anakuja na fimbo: "Nani kang'oa mpaka wangu?"

Maskini watoto, hawakujua la kufanya ila moja. Wakamgeukia wote kwa pamoja wakamnyooshea masale.

Mzee akasimama, akahema. "Yaani mnaniomba radhi kwa masale yangu mwenyewe?"

Felista ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi, na Mzee Aloisi akajitahidi kununa ikamshinda. Akachukua jani la Neema. "Nimesamehe. Lakini mtayarudisha yote ardhini, kisha twende mfongoni, nitawasimamia mwenyewe." Na Felista naye akanyoosha mkono, akachukua lake.

Walirudi Jumamosi nyingi. Mitihani ilipokaribia Neema alikuja kuaga kwanza, akaleta na wenzake wa kuwapokea kazi, na kabla ya masika maji yalifika kwenye migomba ya Felista, naye akanigongea dirisha akisema nilete ndoo.

Sasa Neema anamaliza chuo, ametualika mahafali. Nitakwenda, ila nimeapa: sipokei ua wala jani mpaka niambiwe limetoka wapi na linasema nini, na kipaza sauti nitamwachia Felista. Yeye tayari ameshona nguo, na anasema ana mambo mawili matatu ambayo bado hajasamehe.