Kishindo cha Mguu wa Mama Clotilde

Mama Clotilde, mwalimu wa mtaa wa Katuba, alikuwa anafundisha bila viatu. Wanafunzi wapya walifikiri ni umaskini, wakacheka chini-chini. Walimu wa zamani walijua sababu.

Ilianza na Mujinga, jina la kwao Kasai, binti wa Laurent, fundi cherehani wa kutoka huko. Alikuwa na miaka tisa, na tangu kuzaliwa hakusikia. Bwana Edouard, mkubwa wa ile shule ya serikali, alimkataa mlangoni.

"Mama, hapa aiko hospitali. Uyu mutoto hasikie hata kengele."

"Atasikia na miguu, Bwana Directeur," Clotilde akajibu.

"Basi umufundishe na kusoma na magoti."

"Unipe mwezi moja. Kama anashindwa kengele, miye mwenyewe nitamurudisha kwabo."

Darasa lilikuwa ghala zamani, na sakafu yake ni mbao. Kila kengele ilipolia, Clotilde alipiga mguu chini mara tatu. Mujinga, kwenye benchi ya mbele, alikuwa amevua viatu. Mbao zikitetemeka, anasimama, anatoka, anajipanga uani. Mwezi haujaisha, akawa wa kwanza kwenye mstari. Edouard akasema, "Sawa, mama. Abakie." Clotilde alikwenda kanisani, akapiga magoti, akamshukuru Mungu.

Kutoka alimfundisha vizuri. Kubaki hakumfundisha. Nani angefikiri?

Mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa sitini na moja, vita ya Katanga na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege. Asubuhi moja ikafika Katuba, watoto wakiwa darasani. Bombe ya kwanza ilianguka mbali, mbao zikatetemeka. Ikafuata ya pili, na ya tatu.

"Mulale chini ya benchi," Clotilde akasema, akiwasukuma wadogo wa nyuma.

Alipoinua kichwa, benchi ya mbele ilikuwa tupu. Mujinga alikuwa uani, peke yake, kwenye nafasi yake ya kwanza, mikono imenyooka, akingoja wenzake. Clotilde alimwita kwa jina, kana kwamba jina lingefika. Akakimbia. Alikuwa bado mlangoni bombe ya nne ilipoanguka uani.

Laurent alikuja kuchukua viatu vya mtoto wake chini ya benchi.

"Nyumbani alikuwa anatuonyesha, mama. Anapiga muguu mara tatu, anasimama, anacheka."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Vita ilipoisha, mama mmoja alileta mtoto mwingine asiyesikia, Bahati. Edouard aliwapisha mlangoni, akiangalia sakafu. Clotilde akamshika mtoto mkono, akamkalisha mbele, akavua viatu vyake mwenyewe ili mguu wake usitikise mbao tena. Kutoka angemwonyesha kwa kitambaa cheupe. Lakini kwanza alimwekea kiganja begani, akakandamiza polepole: baki. Siku ile yote, baki. Wiki nzima, baki.

Bahati akajua. Lori likipita barabarani na mbao zikatetemeka, yeye anaendelea kuandika.

Anayesimama ni Clotilde. Anakwenda mpaka mlangoni, anaangalia uani, anafanya ishara ya msalaba, anarudi kufundisha.