Babu Yake Malachy Aliupigaje Wimbo Wangu?

Kaka yangu Fintan alifariki Jumamosi asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Jumatatu tukamzika.

Na jioni ya mazishi, mbele ya baa nzima, mzee Malachy Durkin akatangaza kwamba marehemu babu yake alikuwa akiupiga wimbo ambao mimi niliutunga mwaka jana.

Babu huyo alikufa kabla sijazaliwa.

Ngojeni, nianze vizuri.

Huku kwetu Sligo, kila Jumanne jioni wapiga muziki tunakutana kwenye kona ya baa ya Gilhooly. Fidla mbili, filimbi, zumari la mfuko. Hakuna jukwaa. Mkubwa wa kona ni Malachy. Fidla yake inaanza, sisi tunafuata.

Ana sheria moja. Wimbo uwe wa zamani, na useme umeupata kwa nani, na yeye aliupata kwa nani. Nyimbo mpya hataki hata kuzisikia.

"Nyimbo hazitungwi siku hizi, binti," aliniambia siku nilipojaribu kupiga wa kwangu. "Zilishatungwa zote. Kunywa chai yako."

Nina miaka hamsini na mbili. Binti!

Nikaweka filimbi mezani kabla sijapiga hata noti moja. Fintan akanikonyeza.

Jumanne iliyofuata, Fintan akaupiga wimbo ule ule kwa fidla yake, bila kubadilisha kitu.

"Huu nimeupata kwa mpiga zumari mmoja kipofu, kule Leitrim," akasema, uso mkavu kabisa. "Naye aliupata kwa mjomba wake."

Hakuna kipofu. Hakuna mjomba. Kulikuwa na mimi, jikoni, viazi vinachemka mpaka vinafurika.

Malachy alikuwa amefumba macho. "Umeusikia huo?" akaniuliza. "Huo ndio wimbo! Uzee wake unausikia mwenyewe."

Nilikimbilia chooni kucheka.

Fintan aliniahidi kwamba siku moja tutamwambia, tena mbele za watu. "Tumwache anogewe kwanza," alisema.

Kisha akafa. Na mtu pekee aliyejua kwamba wimbo ni wangu alikuwa yeye.

Baada ya mazishi tukarudi kwa Gilhooly, sandwichi za hemu na bia nyeusi. Malachy akasimama.

"Ule wimbo wa kipofu hauna jina," alisema. "Kuanzia leo unaitwa 'Wa Fintan'."

Watu wakagonga meza. Nikisema ni wangu, namwita kaka yangu mwongo siku ya kumzika. Nikinyamaza, wimbo umekwenda jumla.

Malachy alikuwa hajamaliza.

"Ila sehemu ya pili Fintan aliipata vibaya. Yule kipofu alisahau. Babu yangu aliipiga hivi."

Vibaya! Niliishika glasi kwa mikono miwili nisije nikairusha.

Akapiga. Ile sehemu ya pili, ambayo mimi niliimaliza mbiombio nikaepue sufuria, yeye aliipandisha juu, akaing'ang'aniza pale, halafu akaishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Nikalia. Tangu Jumamosi nilikuwa sijalia.

Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Hilo nalo liliniuma.

Nikamwinamia mke wake, Philomena. "Kumbe babu yake alikuwa fundi hivyo?"

"Babu yupi?" Akajiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. "Yule muuza kuku? Wee Attracta, yule hata mluzi ulimshinda!"

"Sasa zile nyimbo zote za babu..."

"Anatunga mwenyewe bandani, akikamua ng'ombe. Tangu tuoane. Anadhani sijui."

Nikazikumbuka nyimbo "za babu" tunazopiga kila Jumanne. Karibu nusu ya tunazozijua.

Nikaenda kukaa karibu na Malachy.

"Babu yako alikuwa na kipaji," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi sehemu ile ilinishinda. Viazi vilikuwa vinafurika."

Akanitazama. Masikio yakaanza kuwa mekundu, kwanza moja, halafu la pili.

"Attracta," akasema. Kwa mara ya kwanza sikuwa binti. "Yule kipofu... alikuwa anakaa jikoni kwako?"

"Na babu yako? Bandani kwako?"

Akamtazama mkewe. Akaitazama bia yake. Kisha akanisogelea sikioni.

"Punguza sauti, mwanamke. Watatusikia."

Nilichojifunza ni kimoja. Mtu akikuzuia mlangoni kwa ukali kupita kiasi, muulize kwa upole yeye aliingilia wapi. Huenda ni dirishani.

Ningetoa chochote Fintan ayaone masikio yale.

Wimbo unaitwa "Wa Fintan". Jumanne tunaupiga mara tatu mfululizo, sehemu ya kwanza yangu, ya pili ya Malachy. Fidla imebaki moja.